Binti hapendi michezo: saa 60 za mazoezi atazipataje?

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Naishi Mwanga, Kigoma. Binti yangu ana miaka 15, anasomea nyumbani kwa programu ya Marekani kwa njia ya intaneti, na muhula ujao anaingia darasa la 10. Hesabu na sayansi hazimpi shida. Tatizo ni kwamba programu inadai nusu krediti ya michezo kabla hajamaliza, na mtoto huyu na michezo ni mbingu na ardhi. Shule ya msingi walimcheka kwenye netiboli, hadi leo ukitaja mpira anaingia chumbani. Pia ana pumu, si kali, humsumbua wakati wa vumbi. Tuna ua mdogo na hatuna kocha. Nifanyeje asije akakwama kwa ajili ya somo hili moja?

JIBU: Marahaba, mama. Kwanza ondoa mpira kichwani mwako na mwake. Nusu krediti haimdai binti awe mchezaji. Inamdai muda uliopangwa, kazi inayomfanya aheme, na kumbukumbu zinazoonyesha kwamba mwishoni yuko mbele ya alipoanzia. Hivyo vitatu vinapatikana kwa miguu yake, kiti cha jikoni na dumu la maji.

Tuanze na hesabu, maana ndipo wengi wanapojitia hofu bure. Kwa desturi ya shule za Marekani, krediti moja ni kama saa 120 za somo, hivyo nusu krediti ni saa 60, yaani dakika 3,600. Ukizigawa kwa wiki 36 za mwaka wa masomo unapata dakika 100 kwa wiki. Usipange dakika 100. Panga 120, siku tatu za dakika 40, na saa zitatimia kwa wiki 30. Zile wiki sita zinazobaki ni za malaria, misiba, safari na mvua za Machi. Mwaka usio na akiba kama hiyo ndio unaoishia kwa binti kurundikiwa saa kumi wiki ya mwisho, na hapo ndipo miundi ya miguu huanza kuuma.

Lakini kabla ya siku ya kwanza, iandikie programu yenu na usubiri jibu la maandishi. Waulize wanahesabu saa ngapi kwa nusu krediti, wanakubali kutembea na mazoezi ya nyumbani au wanataka mchezo wenye jina, nani anaruhusiwa kutia saini, kama kuna kipimo cha lazima, na kama wanatoa alama ya herufi au kufaulu na kutofaulu tu. Waulize pia kama baadhi ya saa zinaweza kuwa za nadharia: moyo unavyofanya kazi, misuli, lishe, huduma ya kwanza. Wakikubali saa nane au kumi za namna hiyo, zipeleke kwenye miezi ya mvua. Jibu lao lihifadhi, kwa kuwa msimamizi anaweza kubadilishwa katikati ya mwaka.

Nasisitiza hili kwa sababu majedwali yanayozunguka mtandaoni hutegemea jimbo. New York, kwa mfano, humdai anayesomea nyumbani darasa la 9 hadi la 12 yuniti mbili za michezo, na yuniti yao moja ni dakika 6,480, yaani saa 108. Mzazi wa Kigoma akiona jedwali hilo atadhani anadaiwa saa 216, kumbe kinachombana yeye ni masharti ya programu aliyojiandikisha. Na kwa faida ya wasomaji wengine: mtoto anayejiandaa kwa mitihani ya Cambridge, au kuwa mtahiniwa wa kujitegemea wa NECTA, hadaiwi saa hizi, maana vyeti hivyo hutokana na masomo aliyoyafanyia mtihani. Hilo si ruhusa ya kukaa kitini mwaka mzima. Shirika la Afya Duniani linashauri wenye miaka 5 hadi 17 wapate wastani wa dakika 60 kwa siku za kazi inayouchangamsha mwili, na angalau siku tatu kwa wiki ziwe na mambo mazito zaidi yanayoimarisha misuli na mifupa.

Hapo ndipo kunapozuka swali la kazi za nyumbani. Kuchota maji, kufua, kutwanga, kwenda sokoni: vihesabu? Weka madaftari mawili kichwani. Kwa daftari la afya, ndiyo, vyote vinahesabika. Kwa daftari la krediti, mimi ningeviacha nje. Somo lina lengo, kiwango na maendeleo. Kufua hakuna kiwango cha wiki ya 12. Tena mtoto akijua ndoo zinamfutia somo, ataziendea ndoo na kulikimbia somo.

Pumu ishughulikie kabla ya ratiba. Mpeleke kwa daktari, mwambie binti anaanza mazoezi ya siku tatu kwa wiki, na umwombe maelekezo ya maandishi kuhusu ile pampu ya kuvuta. Wenye pumu inayochochewa na mazoezi mara nyingi huelekezwa kuvuta dawa ya kufungua kifua, salbutamol, kama dakika 10 au 15 kabla ya kuanza, ila hilo aliamue daktari wake. Pampu itembee naye, isiachwe kabatini. Akianza kukohoa mfululizo, kifua kikibana, pumzi ikitoa mlio au akishindwa kumaliza sentensi, anasimama, anakaa wima na kutumia pampu kama alivyoelekezwa. Asipopata nafuu ni hospitali. Kiangazi, kuanzia Juni hadi Septemba, vumbi la barabara na moshi wa nyasi zinazochomwa hukutana. Siku ya namna hiyo zoezi lihamie ndani. Na kama yuko msomaji ambaye mtoto wake ana selimundu au tatizo la moyo, asiuchukue mpango huu hata kidogo kabla ya kuonana na daktari, maana kiasi cha kazi, maji na mapumziko yake ni mambo mengine kabisa.

Sasa wiki yenyewe. Jumatatu kutembea, Jumatano nguvu, Jumamosi kitu alichokichagua mwenyewe. Siku moja au mbili katikati si uvivu. Misuli hujijenga wakati huo.

Kutembea ninakoongelea si kule kwa kwenda dukani. Dakika 5 za mwendo wa kawaida, kisha dakika 30 za kazi, kisha 5 za kupoa. Wiki mbili za kwanza zile 30 zigawe mafungu sita: dakika 3 haraka, 2 polepole. Wiki ya tatu na ya nne iwe 4 haraka na 1 polepole. Kufikia wiki ya tano wengi huweza kwenda 30 mfululizo. Haraka ni kiasi gani? Aweze kuongea sentensi nzima lakini asiweze kuimba. Akiweza kuimba, anatembea tu. Asipoweza kuongea, amezidisha. Wengi hufika hapo kwenye hatua 100 hadi 120 kwa dakika.

Mfundishe pia kuhesabu mapigo, kwa kuwa namba hizo zitapamba daftari kuliko maneno. Vidole viwili, cha shahada na cha kati, juu ya kifundo cha mkono upande wa dole gumba. Asitumie dole gumba lenyewe kwani lina mapigo yake na litamchanganya. Ahesabu sekunde 15, azidishe kwa 4. Kwa makadirio, upeo wa moyo ni 220 ukitoa umri, kwake 205. Kazi ya wastani ni asilimia 64 hadi 76 ya hapo, yaani mapigo 131 hadi 156 kwa dakika, au 33 hadi 39 kwa sekunde 15. Ni makadirio, si amri. Kipimo cha sentensi na wimbo ndicho kitawale zikipishana.

Mwanga mna kasoro moja ya jiografia: mko juu, na barabara inateremka kuelekea stesheni na ziwani. Anayeanza hushuka kwa furaha, akageuka dakika ya 20, akakuta mlima wote unamsubiri wakati amechoka. Kwa mtoto wa pumu hiyo ni njia ya uhakika ya kulichukia somo. Miezi miwili ya kwanza azungukie mitaa ya juu, kwenye tambarare. Mteremko na mlima viingie baada ya wiki ya nane, na aanze kwa kupanda ili arudi akishuka. (Wenzetu wa Tabora hawana shida hii. Mji ni bapa, miembe inatoa kivuli, baiskeli inafika kila mahali, na watu wa huko ndio waliotembea na mizigo hadi Bagamoyo karne ya 19. Mtu asiwaambie kutembea si mchezo.)

Saa nayo itazame. Ratiba nyingi zimeandikwa na watu wa Dar es Salaam, zinasema toka saa kumi na moja na nusu alfajiri. Kigoma tuko magharibi ya mbali lakini saa ni ileile, kwa hiyo jua letu huchomoza kama saa moja asubuhi na kuzama kama saa moja jioni, zaidi ya nusu saa nyuma ya Dar. Saa kumi na moja na nusu huku ni giza totoro. Binti atoke saa moja asubuhi, au saa kumi na moja jioni ambapo bado ana mwanga wa kutosha, na asitoke peke yake. Dada, binamu, au wewe mwenyewe mama. Nusu saa hiyo haitakudhuru.

Viatu: ndala hazifai, hukunja vidole na kuchubua. Raba za mtumba zinatosha. Shika kisigino na ncha, ikunje: raba nzuri hujikunja kwenye vidole, si katikati ya unyayo. Mbele ya kidole kirefu pabaki nafasi ya upana wa dole gumba. Nguo iwe ile anayojisikia amestirika ndani yake, suruali pana au bukta chini ya gauni, na sidiria inayoshika vizuri. Wasichana wengi wanaosemwa hawapendi michezo, ukichimba utakuta walichokichukia ni kuangaliwa. Siku za hedhi hazimfuti somo; zikimwelemea, abadilishane siku ya nguvu na ya kutembea.

Jumatano ndiyo siku ninayoithamini zaidi kwa mtoto asiye mwanamichezo, kwa kuwa nguvu huonekana upesi na hakuna wa kushindana naye. Ua wenu mdogo unatosha kabisa. Dakika 8 za kupasha mwili: kutembea papo hapo, kuzungusha mabega, kuinua magoti. Kisha mazoezi sita, kila moja sekunde 40 za kazi na 80 za kupumzika. Mzunguko mmoja unachukua dakika 12. Afanye miwili, 24. Dakika 8 za mwisho ni za kunyoosha viungo taratibu.

La kwanza, kukaa na kuinuka kwenye kiti bila kujishika. Kosa lake ni magoti kuingia ndani; mwambie ayafuatishe vidole vya miguu. La pili, pushapu za ukutani, mikono usawa wa kifua, mwili umenyooka kama ubao. Akifikisha 20 bila taabu ahamie ukingo wa meza nzito, baadaye kitanda, kisha sakafuni kwa magoti. Kushusha urefu wa anachokiegemea ndiyo kuongeza uzito, hivyo pushapu ya sakafuni inaweza kusubiri hata miezi sita. La tatu, kupanda na kushuka ngazi au kizingiti imara, mguu wa kuanzia ukibadilishwa nusu ya muda. La nne, planki: viwiko na vidole vya miguu, au magoti kwa kuanzia. Hapa saa isimtawale. Kiuno kikilegea na kushuka, zoezi limekwisha hata kama ni sekunde ya 9, kwani kuanzia hapo mgongo ndio unaobeba. La tano, kulala chali, magoti juu, kuinua nyonga na kuishusha polepole. La sita, kuvuta dumu: ainame kidogo, mkono mmoja ushike kiti, mwingine uvute dumu kuelekea kiunoni. Lita moja ya maji ni kilo moja, kwa hiyo dumu la lita 3 ni kilo 3 na la 5 ni kilo 5. Lijaze mpaka juu. Dumu kubwa lililojaa nusu maji yake huchezacheza na kuvuta kiwiko. Afadhali dogo lililojaa. Katika yote sita asibane pumzi: atoe pumzi anapoinua.

Jumamosi ni yake. Kuruka kamba kunafaa sana, ila waanzaji huharibu kwa kuruka juu mno. Sentimita mbili au tatu zinatosha kamba kupita. Asimame katikati ya kamba, ncha zifike kwapani; ya manila nene huzunguka vizuri kuliko ya katani nyepesi. Aruke sekunde 15, apumzike 45, mara kumi, kwenye udongo na si kwenye saruji. Rede na wadogo zake ni mazoezi halali, na mara nyingi aliyechekwa kwenye netiboli hujisahau kabisa kwenye rede. Kucheza muziki chumbani dakika 30 mlango umefungwa nako kunahesabika ili mradi anahema. Bao ni mchezo mkubwa, lakini hili sio somo lake.

Ziwa litakujia akilini, na kuogelea ni zoezi zuri kwa mwenye pumu. Lakini Tanganyika huzama ghafla hatua chache kutoka ufukweni, kuna maeneo yenye mamba, na penye nyasi na maji yaliyotulia kuna hatari ya kichocho. Asiingie bila mtu mzima anayejua kuogelea kweli na anayelijua eneo. Kama hampati mtu huyo, kuogelea kusiwemo kwenye mpango, basi.

Kuanzia Novemba hadi Aprili mvua zitaharibu Jumatatu zenu. Badala ya kuahirisha, weka zoezi mbadala tangu sasa: ngazi au kizingiti, dakika 1 kupanda na kushuka, dakika 1 kutembea papo hapo, mara 15. Ni dakika 30 zilezile chini ya baraza.

Daftari: nunua kaunta buku moja, usitumie karatasi za kutawanyika. Mstari unaofaa unaonekana hivi:

*Jumatatu 6 Oktoba. 11:05–11:45 jioni. Kutembea 4/1 mara sita. Dakika 40. Mapigo baada ya kazi: 36 × 4 = 144. Pampu kabla: ndiyo. Jumla hadi leo: saa 4 dk 40. Saini ya mzazi.*

Uandikwe siku hiyohiyo. Daftari lililojazwa usiku mmoja mwishoni mwa mwaka hujulikana: kalamu moja, mwandiko mmoja, kila siku dakika 40 kamili, hakuna aliyeugua, hakuna mvua. Siku alizofanya 25 ziandikwe 25. Saa unazoiandikia programu zigeuze kuwa za Kiingereza, maana 11:05 jioni kwao itasomeka karibu na usiku wa manane, andika 17:05. Piga picha moja kwa mwezi, na ukurasa wa jumla upige picha pia, kaunta buku likilowa usipoteze mwaka.

Vipimo vifanyike wiki ya 1, 12, 24 na 36, siku ambayo hana homa wala kifua. Kimoja ni cha moyo: ngazi au kreti imara la sentimita 30, metronomu ya simu (ile inayopiga mdundo) kwenye midundo 96 kwa dakika, kila mdundo mguu mmoja (juu, juu, chini, chini), dakika 3. Akae mara moja na ahesabu mapigo kwa dakika nzima. Namba ikishuka kati ya wiki ya 1 na ya 24, moyo umeimarika, na hakuna mwalimu atakayebisha. Wiki ya 1 asipoweza dakika 3, andika alipoishia, hicho ndicho kipimo chake. Vingine ni sekunde za planki, idadi ya kukaa na kuinuka kwa dakika moja, na muda wa kuzunguka uwanja uleule mara nne kwa kutembea. Uwanja uwe uleule, viatu vilevile, saa ileile, la sivyo unalinganisha embe na nazi.

Wakitaka alama kutoka kwako, mimi hupendekeza 50 kwa saa zilizotimizwa, 30 kwa daftari na 20 kwa maendeleo dhidi ya namba zake za wiki ya 1. Wajulishe mgawanyo huo kabla ya mwaka kuanza. Usiweke alama kwa idadi ya pushapu ukimlinganisha na kaka yake.

Kosa la mwisho ni letu watu wazima. Shuleni kwetu kuruka kichura na kukimbia kuzunguka uwanja ni adhabu, na tabia hiyo huingia nyumbani bila kubisha hodi: mtoto kachelewa kuosha vyombo, baba anasema piga pushapu ishirini. Mwaka huu marufuku. Baba akitaka kusaidia, ashike saa ya kuhesabia sekunde 40, au ajaze madumu.

Kwa wiki hii, basi: barua pepe kwa programu, daktari kuhusu pampu, raba sokoni. Kipimo cha wiki ya 1 kifanyeni jibu la programu likifika, na siku hiyo asifanye zoezi lingine.